Sindano ya glukagoni mbona hivi jamani
Hii ishu inaniuma sana. Mtu wa kisukari anayejichoma insulini, sukari ya damu ikishuka chini ya 3.9 mmol/L (kipimo cha sukari kwenye damu) anaanza kutetemeka na jasho, hapo mpe soda ya kawaida au maji ya sukari atakaa sawa, ila akishazimia usimmiminie kitu mdomoni atapaliwa, inatakiwa sindano ya glukagoni inayoliambia ini liachie sukari iliyotunza, na ndugu yeyote akifundishwa anaweza kumchoma palepale nyumbani. Sasa ulizia maduka ya dawa hapa Dodoma, wanakushangaa tu!! Na ikipatikana, mkulima wa alizeti kule Kongwa hiyo hela anaitoa wapi? Wakati WHO wameiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kabisa. Bima ziilipie bana, mgonjwa akipewa insulini kliniki na glukagoni apewe hapohapo.