Parachichi changa: kabla hatujamkamata mkulima wa Rungwe

Kila msimu wa parachichi unapokaribia, kuanzia Tukuyu, wilayani Rungwe, hadi Njombe husikika wito uleule: wanaochuma machanga wachukuliwe hatua. Wengine wanataka msimu ufungwe rasmi kama Kenya, ambako mamlaka husimamisha usafirishaji wa parachichi aina ya Hass kwa meli kuanzia Oktoba au Novemba. Wapo wanaokwenda mbali zaidi: dalali asikanyage shambani, mkulima auze kwa kampuni yenye mkataba naye au kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na anayekiuka alipe faini. Suala la kufunga msimu sina ugomvi nalo. Hilo la faini kwa mkulima ndilo linalonikosesha raha.

Nianze na kampuni, maana kilio chao ni cha kweli. Parachichi haliivi mtini. Linakomaa mtini, kisha linaiva likishachumwa, na ukilichuma kabla halijaweka mafuta ya kutosha haliivi vizuri tena: linanywea, nyama inakuwa kama mpira. Kipimo chake ni rahisi. Unakausha gramu 10 za nyama ya tunda mpaka maji yaishe, unapima tena. Zikibaki gramu 2.1 una asilimia 21 ya kitu kikavu, ambayo ndiyo kiwango cha chini cha kimataifa kwa Hass. Na safari imerefuka. Mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilianza kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, wiki moja au mbili zaidi baharini. Kontena likifika Rotterdam na matunda yasiyoiva, anayeharibikiwa jina ni Tanzania nzima, wala si dalali aliyeyachanganya. Ongeza hapo kampuni iliyokopesha miche iliyobebeshwa, ikalipa mabwana shamba, ikangoja miaka mitatu au minne mti uzae, halafu siku ya mavuno anatokea mtu na pesa taslimu mfukoni. Inauma.

Lakini tukishafika hapo, maelezo yanaishia kwenye neno moja: tamaa. Mkulima ana tamaa, hana elimu, hathamini mkataba. Hapo ndipo tunapokosea.

Mwaka jana nilikaa na mama mmoja upande wa Kiwira, ana miti kama 40 ya Hass katikati ya migomba. Hesabu zake anaziandika kwenye kurasa za mwisho za daftari la shule la mjukuu wake. Alinifungulia ukurasa. Siku ya kuchuma: kreti 16, mzani ukaning'inizwa kwenye tawi, kilo 304. Siku ya tisa ukaja ujumbe kwenye simu: kilo zilizopokelewa, 187. Nyingine ni rijekti. Pesa iliingia wiki ya tano. Alikuwa amechora mstari chini ya ile 117 iliyopotea katikati, akaurudia mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

"Hizi zimelala wapi, mwanangu?" akaniuliza.

Hakusema ameibiwa, wala mimi sisemi. Matunda hukataliwa kwa sababu za haki. Kovu la upepo. Kikonyo kilichong'oka badala ya kukatwa kwa mkasi, kikaacha tundu la kuingiza uozo. Ukubwa: katoni ya kilo 4 hupangwa kwa idadi, na ukiambiwa namba 18 maana yake matunda 18 yenye wastani wa gramu 222; vidogo sana havina nafasi humo. Yote hayo mama anayaelewa ukimweleza. Tatizo ni kwamba uchambuzi ulifanyika kwenye kituo cha kufungashia, mbali naye, na hakuna mtu wa kijiji aliyeona tunda hata moja likiwekwa kando. Na tunda lililokataliwa si takataka. Linaliwa Dar es Salaam, linakamuliwa mafuta. Lina bei. Nikausoma mkataba wake wote, kurasa nne, nikitafuta bei hiyo, sikuiona.

Sasa mlinganishe na dalali. Anakuja na pikipiki, anapima palepale, analipa palepale. Anapunja, nani asiyejua? Hizi ni nyanda za lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo. Mkulima wa viazi wa Njombe na wa Mbeya wameona magunia yenye vilemba kwa miaka mingi, na Wakala wa Vipimo wamehangaika nayo sana. Nilimuuliza mama kwa nini basi anamwamini. Akacheka kidogo. "Simwamini. Ila huyu ananipunja nikimwona."

Jambo hilo sijawahi kulisikia kwenye mkutano wowote wa wadau.

Tena haraka ya kuchuma haikuanzia shambani. Peru huanza kumwaga parachichi Ulaya karibu na Aprili, kwa hiyo atakayewahi kabla ya hapo anakuta bei nzuri. Mnunuzi wa mwisho anawahi, msafirishaji anamwahi yeye, dalali anamwahi msafirishaji. Faini ikiwekwa, itamwangukia aliye mwisho wa foleni, ambaye anuani yake inajulikana kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Kuna na suala la cheti. Mama amejenga choo cha wachumaji, ana kabati la kufuli la viuatilifu, anaandika kila anachopulizia na tarehe yake, kwa sababu ukaguzi wa GLOBALG.A.P., cheti cha kilimo bora wanachokitaka wanunuzi wa Ulaya, unadai hivyo. Ila cheti cha kikundi chake kimeandikwa jina la kampuni. Akihamia kwa mnunuzi mwingine, kazi yote hiyo anaiacha mlangoni.

Kama tunataka kuzuia machanga, tumbane mnunuzi. Kila kata yenye kituo cha kukusanyia ikae na mizani ya dijitali na maikrowevu ya kukaushia sampuli, na gari lisipakie kabla majibu hayajabandikwa ukutani. Mkulima naye ana kipimo chake: akate tunda moja atazame ganda la kokwa, likiwa bado jeupe na nene, asubiri, likishakuwa jembamba la kahawia, mambo yako tayari. Uchambuzi ufanyike kituoni mbele ya mwenye mali, bei ya rijekti iandikwe kwenye mkataba, na sehemu ya malipo itoke siku hiyohiyo.

Kampuni ndogo zitasema hazina mtaji huo, kwa kuwa zenyewe hulipwa matunda yakishauzwa Ulaya. Ni kweli. Stakabadhi ghalani iliyozoeleka kwenye korosho na ufuta haitusaidii, parachichi halikai ghalani. Ila Hass iliyokomaa hukaa mtini wiki kadhaa bila kuharibika, ingawa ukiiacha mno mti unachoka na mwakani unazaa kidogo. Benki inayokopesha kwa dhamana ya korosho iliyomo ghalani ishindwe nini kukopesha kwa tunda lililopimwa likiwa mtini?

Msimu huu mama ameligawa shamba: miti 25 ya mkataba, 15 ya yeyote atakayekuja na pesa. Kampuni ikijua itamwita mvunja mkataba. Mara ya mwisho tulipoongea hakuniuliza habari za bei. Aliniomba nikienda Mbeya mjini nimtafutie mzani wa kuning'iniza, wa kilo 50, uliogongwa muhuri wa Wakala wa Vipimo.