Draiva ikishaingia kwenye kerneli, nani ataitunza?

Agosti 2020 kampuni ya Paragon Software iliwasilisha draiva yake (programu ya kusoma na kuandika diski) ya NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, ili iingizwe kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi wa Linux. Ilikuja kama kiraka kimoja, yaani furushi moja la mabadiliko ya msimbo, cha mistari ipatayo 27,000. Nani angeweza kusoma mzigo huo kwa mkupuo? Wakaguzi wakataka ikatwe vipande, na marekebisho yakaendelea hadi Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, alipohimiza kampuni imtumie kazi hiyo moja kwa moja. Ikatoka na toleo la 5.15, Oktoba 2021.

Wanaolalamikia ucheleweshaji huo wana hoja. Mtumiaji wa Linux mwenye diski ya Windows alikuwa na draiva ya zamani iliyosoma vizuri lakini ikiandika kwa shida sana, au NTFS-3G, inayofanya kazi nje ya kerneli na kwa kasi ndogo. Kila mwezi wa mabishano ulikuwa mwezi mwingine wa kusubiri mafaili yanakilika.

Lakini ukaguzi wote ule ulipima msimbo. Miezi michache baada ya draiva kupokewa, mwaka 2022, watu walianza kulalamika kwamba wanatuma viraka na mtunzaji yuko kimya. Baadaye alirejea kazini. Hata hivyo kwa muda huo waliokwisha kuhamishia kazi zao huko hawakuwa na wa kumuuliza.

Bcachefs, mfumo mwingine wa mafaili, ulioandikwa na Kent Overstreet, ilikwama kwingine. Huyu hakuwa kimya hata kidogo. Mfumo wake, uliotangazwa 2015, uliingia kwenye toleo la 6.7, Januari 2024. Utaratibu wa kerneli ni kwamba mambo mapya hupokelewa kwa wiki mbili, kisha hubaki kusahihisha kasoro tu. Wakati wa matayarisho ya 6.16 Overstreet alituma msimbo mpya wa kuokoa data nje ya muda huo, akisema mtu aliyepoteza mafaili hawezi kuambiwa asubiri toleo lijalo. Torvalds aliupokea, ila akaashiria kuwa wataachana. Kufikia 6.18 bcachefs ilikuwa imeondolewa.

Namwelewa Overstreet: kasoro ya draiva ya sauti hukunyima muziki, ya mfumo wa mafaili hukufutia picha za mtoto. Bado nadhani Torvalds alikuwa sahihi, kwa sababu kila mtunzaji akijipa ruhusa ya dharura, hakuna toleo litakalotulia.

Kinachonisumbua ni kwamba mgongano huu ulisubiri hadi watu wawe wameshaweka data zao. Alama ya "majaribio" iliyowekwa kwenye bcachefs haikumzuia mtu kufomati diski. Ningependa kila mfumo mpya wa mafaili uingie ukiwa na watunzaji wawili waliokubali mapema ratiba ya kerneli ya wiki mbili za mambo mapya. Sharti hilo litawaumiza wanaofanya kazi peke yao, na Overstreet huenda angebaki nje miaka kadhaa zaidi. Hata hivyo kumchelewesha mtunzi mmoja ni afadhali kuliko kuwaacha watumiaji wakitafuta moduli (kipande cha programu cha kuongezwa) nje ya kerneli ili wafungue mafaili yao wenyewe.