Sauti ya zamani, au sauti ya uzee?

Mwulize mpenzi wa vyombo vya muziki vya zamani kwa nini hataki kuachana na amplifaya (kikuza sauti) ya miaka ya 1970, naye atakujibu kwamba vya siku hizi havina sauti ile. Asiyeamini atacheka na kukuonyesha amplifaya ya kisasa, kisanduku kinachoenea kiganjani, chenye kelele kidogo zaidi na upotoshaji mdogo zaidi kwa kila kipimo. Ubishi huu nimeusikia mara nyingi, na kila mara naona wote wawili wanaruka swali lililopaswa kutangulia: sauti ile ni ipi? Chombo kinachopiga leo sebuleni si kile kilichotoka kiwandani miaka hamsini iliyopita. Ya kale ni dhahabu, sawa, lakini dhahabu haina kapasita, vile vipande vidogo vya kuhifadhi umeme, za kukauka.

Ndani ya kapasita za aina ya elektroliti mna majimaji, na majimaji hayo hupungua kadiri miaka inavyopita, hasa chombo kinapofanya kazi kwenye joto. Kapasita za sehemu inayopokea umeme wa ukutani zikichoka, mvumo huanza kusikika nyuma ya muziki na besi hulegea. Zikichoka zile zilizo ndani ya spika, sauti nyembamba za juu hufifia polepole kiasi kwamba mwenye nyumba hatambui. Sponji inayoshikilia ukingo wa koni huoza na kumeguka kama keki, mara nyingi kabla haijatimiza miaka 25. Spika zenye ukingo wa mpira huishi zaidi. Vitufe vya kuzungusha huanza kukwaruza. Mkanda wa mashine ya santuri hulegea na kasi ikayumba.

Yalinikuta. Nilinunua amplifaya kuukuu yenye redio ndani, ambayo muuzaji aliisifu kuwa imefanyiwa matengenezo yote, nami nikaipenda kwa sauti yake laini, isiyochosha masikio usiku. Miezi michache baadaye upande mmoja ukafa. Fundi alipoifungua alikuta karibu kila kapasita ni ya asili na imechoka. Akazibadilisha. Ikarudi ikipiga wazi, matoazi yakisikika hadi mwisho wa mlio wake, na kwa wiki mbili nzima nikaichukia. Kumbe ule ulaini nilioupenda ulikuwa ugonjwa.

Ndiyo maana nawasikiliza kwa tahadhari wanaodai kwamba vyombo vya zamani vina roho ya kipekee. Waliovitengeneza hawakuitafuta roho hiyo. Walikuwa wakihangaika kuifukuza. Quad ya Uingereza, iliyotoa spika zake za umemetuli, zenye utando mwembamba badala ya koni, mwaka 1957, ilijinadi kwa kuikaribia sauti halisi, si kwa kuipamba. Acoustic Research ya Marekani, kati ya mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, iliandaa maonyesho ambapo wapiga fidla wa kikundi cha Fine Arts Quartet walipiga jukwaani, kisha wakaendelea kusogeza pinde hewani huku spika zikiendeleza rekodi yao. Wengi ukumbini hawakujua ni lini muziki ulihama kutoka kwenye nyuzi kwenda kwenye sanduku. Mhandisi aliyefanya kazi hiyo akiambiwa leo kwamba spika zake zinapendwa kwa kuongeza joto kwenye muziki, sidhani angeshukuru.

Vyombo vya vali, vinavyokuza sauti kwa mirija ya kioo iliyotumika kabla ya transista, ni kesi ya peke yake. Vingi huongeza upotoshaji ambao sikio huutafsiri kama utamu, kwa sababu sauti za ziada zinazozaliwa juu ya noti zinalingana na noti yenyewe. Anayeupenda ana haki ya kuupenda. Aseme tu kwamba anaongeza kiungo, asidai kwamba anasikia ukweli zaidi kuliko jirani yake.

Kwa upande wa vipimo, basi, wapinzani wameshinda, na si jana. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 ilikuja na nafasi ya takriban desibeli 96 kati ya sauti kubwa kabisa na ukimya. Santuri nzuri, kwenye mashine nzuri, hufika kama 70 hivi. Kuna pia mtego unaowanasa hata wenye masikio makini: ukilinganisha amplifaya mbili na moja ikawa juu kwa kiasi kidogo tu, utaiona ndiyo bora bila kujua kwamba ulichopenda ni ukubwa wa sauti. Majaribio mengi ya nyumbani huharibikia hapo. Mtu anabadilisha waya, anapandisha sauti kidogo, anaapa kwamba ni waya.

Lakini wapinzani nao hukosea wanapozihukumu spika kwa hoja za amplifaya. Amplifaya ni tatizo lililotatuliwa zamani. Spika ni mashine inayosukuma hewa, na hewa haijabadilika. Ukitaka besi ya chini kabisa kutoka kwenye sanduku dogo, utalipia kwa umeme mwingi; ukitaka kuokoa umeme, ongeza ukubwa wa sanduku au sahau ile besi. Spika kubwa za sakafuni za miaka ya 1970, zenye koni pana kama sinia, zilikuwa na nafasi ambayo kispika cha mezani hakina, hata kikisaidiwa na programu za kurekebisha sauti. Si kila kubwa ni nzuri: nyingi za enzi hiyo zilikuwa mbao mbovu na besi ya kishindo. Ila ile nzuri, ikivikwa ukingo mpya na kapasita mpya, bado inaaibisha vingi vya leo vya bei yake.

Mashine ya santuri nayo inatetewa kwa urahisi. Ni injini, kitovu cha kuzungukia na mkono. Vitu vya chuma vinavyoweza kusafishwa, kupakwa mafuta na kupimwa. Technics SL-1200, iliyoanza mwaka 1972, iliacha kutengenezwa mwaka 2010, na mwaka 2016 ikarudishwa kwa sura ileile kwa sababu watu hawakuacha kuitafuta. Sindano tu ndiyo lazima iwe mpya. Wanaojivunia sindano ya asili wanachonga santuri zao.

Hoja nzito zaidi ya wapenzi, kwa maoni yangu, haihusu masikio kabisa. Vyombo vile vilitengenezwa vifunguliwe. Vingi vilikuja na ramani ya saketi, vipande vikubwa vinavyoonekana kwa macho, skrubu badala ya gundi. Spika ya kisasa inayotegemea programu ya simu hufa siku kampuni inapoamua kuacha kuihudumia, hata kama kila kitu ndani ni kizima. Mpinzani atajibu kwamba mafundi wanaojua kazi hiyo wanazeeka, kwamba transista za enzi hizo hazitengenezwi tena na sokoni kumejaa za bandia, na hapo hadanganyi. Kuna na hatari: amplifaya ya vali hubeba mamia ya volti, na kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Chombo kilichotengenezwa kwa soko la Japani kinataka volti 100. Kichomeke kwenye 230 bila kibadilishaji utanusa moshi kabla ya kusikia wimbo.

Kinachonishangaza zaidi ni soko lenyewe. Mkusanyaji hulipa ziada kwa chombo ambacho hakijaguswa, chenye vipande vyote vya asili, yaani kile ambacho kiko mbali zaidi na sauti iliyokusudiwa. Kilichotibiwa vizuri huambiwa kimeharibiwa. Anayenunua kwa ajili ya kabati la maonyesho hana tatizo. Anayenunua ili asikilize anashindana naye kwa bei, na anashindania kitu ambacho atalazimika kukibadilisha akifika nyumbani.

Wanaoniuliza huwaambia wanunue spika na mashine ya santuri za zamani, watenge fedha za fundi tangu siku ya kwanza, na amplifaya wachukue mpya. Yangu ile kuukuu bado ipo. Nikiiwasha hukaa kimya sekunde chache, kisha swichi ya ndani inalia tak, taa ya kijani inaamka kwenye kioo cha stesheni za redio. Hiyo tak haipimiki kwa desibeli, na siiuzi.