Nasaba za Lamu na mzee aliyekataa kusema

Vijana wa Lamu wanaokusanya nasaba za koo zao wana lalamiko moja: wazee hawasemi. Muulize mzee jina la baba yake, atapanda nalo mpaka baba wa saba, na akiwa sharifu hakuachi mpaka akufikishe Hadhramaut, kule Yemen. Muulize mama wa babu yake alikuwa binti nani, mara adhana i karibu na yeye hajatia udhu. Kwenye makundi ya WhatsApp ya koo, ambako shajara, yaani mti wa nasaba, huchorwa na kusambazwa kwa picha, hukumu imeshatoka: wanaona haya, wanabagua, wanataka sote tuwe Waarabu.

Wapo wa namna hiyo. Nadhani si wengi kama inavyodaiwa, na kwamba sehemu kubwa ya kimya cha Lamu ina sababu iliyotokana na utumwa, ambayo kijana mwenye simu hajawahi kulazimika kuifikiria.

Utumwa ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907. Waliolipwa fidia ni mabwana. Watumwa waliambulia ruhusa ya kuondoka. Lakini kwa fikihi ya Kishafii, waliyoifuata makadhi wa pwani, uhuru haukukata kila kamba. Mwachwa huru akifa bila mrithi wa damu wa kumaliza mali, aliyemwacha huru au uzao wake waliingia kwenye mirathi. Katika ndoa kulikuwa na suala la kufu: walii wa binti aliweza kuikataa posa kwa hoja kwamba mchumba, au baba yake, aliwahi kumilikiwa. Hata majina yalisema. Almasi, Feruzi, Mabruki, Baraka: aliyeyasikia alijua anazungumza na nani.

Kwa hiyo kukumbuka asili hakukuwa hadithi ya barazani. Kulikuwa ushahidi, na ushahidi huo ulimfaa mtu mmoja tu, naye si mzalia, yaani mtu wa ukoo wa watumwa aliyezaliwa pwani. Mwanamke aliyeletwa utotoni kutoka nchi za Ziwa Nyasa, akazeeka Lamu, akataka mjukuu wake aoe na arithi bila kuvutwa nyuma, alikuwa na njia moja: habari ife naye. Watoto wakapewa majina mengine, wakahamia mtaa mwingine, wakasoma. Tunaita huko kupoteza historia. Yeye, tungemuuliza, pengine angesema ndiyo kazi kubwa aliyoifanya maishani.

Na hakuifanya peke yake. Habib Swaleh, sharifu aliyefika Lamu kutoka Comoro katika nusu ya pili ya karne ya 19, aliwafundisha dini wazalia na watoto wao wakati waungwana wengi wa Mkomani, mtaa wa nyumba kubwa za kale, hawakupendezwa hata kidogo. Msikiti wa Riyadha na Maulidi tunayojivunia leo mbele ya wageni vimetokana na darasa lile, na darasa lile halikuanza kwa kuuliza bibi ya mtu alinunuliwa wapi.

Kimya hicho kiliwasitiri wakubwa pia. Nyumba kubwa zilikuwa na masuria. Mtoto wa suria na bwana wake alizaliwa huru, akarithi sawa na nduguze waliozaliwa na mke wa ndoa, na shajara, kwa kuwa hufuata baba, ikamwandika bila alama yoyote. Vizazi vitatu baadaye hakuna wa kujua, na hakuna anayetaka kujua. Aliye juu na aliye chini walilifunga jambo pamoja, ingawa hawakufaidika sawa.

Hapa ndipo huletwa takwimu ambayo vijana wanaipenda sana. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA za watu 80 wa kale wa pwani yetu na bara yake, wengi wao wa kati ya mwaka 1250 na 1800, wakiwamo waliozikwa Manda na Faza. Kwa wengi wa watu wa miji ya pwani, zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka Afrika, na hasa kwa wanawake. Kwa upande wa Asia, asilimia 80 hadi 90 ilitoka kwa wanaume wa Kiajemi. Kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000. Baada ya 1500 ndipo asili ya Uarabuni ikazidi.

Takwimu hii hurushwa barazani kama jiwe: mmeona, bibi zenu walikuwa watumwa! Lakini uchunguzi haukusema hivyo. Waliozikwa katika miji ile, wengi walikuwa watu wa heshima zao, na watafiti wenyewe wanaelekea kuamini kwamba wafanyabiashara kutoka ng'ambo walioa katika familia za wenyeji zilizokuwa na mali na nguvu. Habari za Pate, masimulizi ya kale ya wafalme wa kisiwa hicho, zinasimulia hivyo hivyo: Mnabahani, mtu wa ukoo wa Nabahani, alikuja kutoka Oman, akamwoa binti wa mfalme aliyemkuta, na ufalme ukamjia kwa njia hiyo. Mwanamke wa mwaka 1000 aliyekuwa na mji, na mwanamke wa mwaka 1880 aliyeshushwa kutoka jahazini, ni watu wawili tofauti. Anayeichukua asilimia ya mmoja akambandika mwingine hajui anazungumzia nini, awe anamdharau au anamtetea.

Hata hivyo takwimu hiyo inawagusa wazee mahali pamoja, na hapo sina la kuwatetea. Kama mchango wa wanawake ulikuwa mkubwa kiasi hicho, wamekwenda wapi katika masimulizi yetu? Tunamjua aliyekuja na jahazi na siku aliyotia nanga. Aliyekuwa na kisima, shamba na lugha ambayo watoto wote waliishia kuisema hana jina. Huyu hakufichwa kwa kuogopa mirathi. Aliachwa tu kwa kuwa hakuna aliyeona haja ya kumtaja.

Vijana wana hoja nyingine nzito. Kwa miaka mingi Mbajuni wa visiwa vya kaskazini akienda kuomba kitambulisho alipitishwa kwenye msasa: babu yako nani, alizaliwa wapi, nani anamjua. Februari 2025 Rais Ruto alitia saini tamko la kuondoa msasa huo katika kaunti za mpakani, lakini anayeijua ofisi ya serikali hatupi makaratasi yake kwa sababu ya tamko. Familia yenye nasaba iliyoandikwa huwa na la kuonyesha. Na wazee wanakufa. Atakayezikwa mwaka huu hataulizwa mwakani.

Kuna na uchoyo wa namna fulani katika kuchagua asili ya kutafuta. Mwaka 2005, China ilipoadhimisha miaka 600 ya safari za Zheng He, baharia wake wa karne ya 15, msichana wa Lamu aliyesemekana ni mzao wa mabaharia wa Zheng He alialikwa huko na kupewa masomo. Vizuri, Mungu amzidishie. Tangu hapo kila chombo cha Kichina kilichowahi kuvunjika Pate kina mjukuu. Sijasikia ubalozi wa Malawi ukitafuta wazao wake Langoni, mtaa wa Lamu wenye wazalia wengi, wala sijasikia wa Langoni wakiutafuta.

Msimamo wangu umeshaonekana. Aliyefichwa ili alindwe asifichuliwe na mtu ambaye hatalipa gharama ya kufichuliwa kwake. Posa bado hukwama Lamu kwa neno moja la shangazi, na picha ya shajara ikishatoka kwenye simu hairudi. Hata wenye kufuli za kisasa wanaibiwa: mwaka 2023 wadukuzi waliwafikia watumiaji wapatao milioni 6.9 wa kampuni ya Marekani ya vipimo vya DNA, 23andMe, wakachukua na habari za jamaa zao. Mjukuu wa mzalia ana haki ya kuitangaza asili yake kutoka juu ya ngome akitaka. Mjukuu wa bwana hana haki ya kumtangazia.

Huyo wa pili ana kazi yake, na ni kubwa zaidi. Nyumba za zamani za Mkomani zimerithi masanduku ya makaratasi: wakfu, mahari, mirathi, pengine hata hati za kuacha watu huru. Maandiko ya Riyadha yamekwisha kupigwa picha kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza na hakuna aliyevunjiwa heshima. Wenye masanduku wafungue yao, waandike babu yao alimiliki nani, alilipwa nini kama fidia, na suria aliyemzaa baba yao aliitwa nani. Wakishalitaja jina hilo katika shajara zao wenyewe, na posa zao zikaendelea kupokelewa, ndipo warudi kwa mzee wa Langoni na kumwomba la bibi yake.