Muziki pamoja na uhandisi: huku inawezekana, nyumbani kwa nini isiwe?

Huku Marekani mwanafunzi wa uhandisi anaweza kusomea muziki bila kuuacha uhandisi, na vyuo vya nyumbani vingepaswa kuliiga hilo kabla ya kuiga majengo. Shahada ya kwanza ni kama krediti 120, yaani vipimo vya uzito wa masomo. Fani ndogo ya muziki (minor), inayosomwa kando ya fani kuu, hula 18 hadi 24, na baadhi zinaingia kwenye nafasi za masomo ya hiari. Nyumbani, anayesomea uhandisi kwa kawaida muziki wake unaishia kwenye kwaya ya jioni, bila alama wala cheti.

Wengi wanaoshindwa huku, ratiba ndiyo huwaangusha. Nadharia ya muziki huenda mihula minne mfululizo, na vyuo vingi huianza Agosti tu. Ukiikosa, unasubiri mwaka, na kufikia mwaka wa tatu maabara zinagongana na mazoezi ya okestra saa kumi jioni. Kwa hiyo ianze muhula wa kwanza. Uliza na ada: mara nyingi karo ya muhula ni moja kwa krediti 12 hadi 18, ya 19 unailipia zaidi, na mwalimu wa ala huwa na ada yake. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, asishuke chini ya krediti 12.

Aliyekulia kwenye kwaya zetu ana mtaji mkubwa asioujua. Solfa yake (do, re, mi) ina do inayohama kufuata ufunguo wa wimbo, na sikio hilo wenzake wengi wanalianza darasani. Kinachomkwamisha ni mistari mitano ya kuandikia nota tu. Tazama alama zilizo mwanzoni mwa mistari hiyo: shapu (♯) au flati (♭). Kwenye shapu, ile ya mwisho kulia ni ti, na do iko nusu toni juu yake. Kwenye flati, ya mwisho ni fa. Shuka mi, re, do. Mfano, shapu moja iko kwenye F: hiyo ni ti, basi do ni G, ambayo kwenye alama ya sauti za juu (treble) ni mstari wa pili kutoka chini. Ukiipata do, imba ulivyozoea. Tafadhali usiandike d, r, m chini ya kila nota, maana jicho litasoma herufi na mistari hutaizoea kamwe.

Huku mazoezi ya kwaya ya chuo kwa kawaida huhesabiwa krediti moja kwa muhula, na mahudhurio ni sehemu kubwa ya alama. Kwaya za vyuo vya nyumbani, zinazokesha zikijiandaa kwa Pasaka, zinastahili krediti hiyo hiyo.