Kigeu cha `protected` ni kigeu cha wote

Nikikagua msimbo wa programu, kinachonisimamisha haraka ni kuona `protected` mbele ya kigeu, yaani sehemu ya klasi inayohifadhi thamani (klasi ni kiolezo cha kutengenezea vitu ndani ya programu). Ubaya wa kigeu cha `public`, kinachoguswa na msimbo wowote, unajulikana hata na aliyeanza kujifunza jana. Cha `protected` hupita bila kuulizwa, eti kinaonekana na warithi tu, yaani klasi zilizojengwa juu ya klasi hiyo. Lakini warithi ni akina nani? Ni yeyote atakayeandika `extends`, neno la kurithi klasi, leo au miaka kumi ijayo.

Chukua klasi ya `Tarehe` yenye siku, mwezi na mwaka. Methodi (kazi iliyo ndani ya klasi) ya `wekaMwezi` inakataa namba iliyo chini ya 1 au juu ya 12. Kigeu cha `mwezi` kikiwa `private`, yaani kinaguswa na klasi yenyewe tu, ukikuta tarehe mbovu unajua pa kutafuta: ndani ya faili hilo hilo. Kikiwa `protected`, klasi yoyote iliyorithi inaweza kuandika `mwezi = mwezi + 1` wakati wa Desemba, ukapata mwezi wa 13 na kompaila, programu inayotafsiri msimbo, isinung'unike. Na hiyo ndiyo hasara ndogo. Kubwa inakuja siku unapotaka kubadili mambo ya ndani, uhifadhi tarehe kama idadi ya siku tangu 1 Januari 1970 badala ya namba tatu. Utaanzia wapi? Warithi wameshakizoea `mwezi`, na wengine wamo kwenye miradi usiyoijua hata jina.

Mwaka 1987 hivi, lugha ya C++ ilipata `protected` baada ya Mark Linton, aliyekuwa akitengeneza maktaba ya msimbo ya Interviews, kumsihi Bjarne Stroustrup, muundaji wa lugha hiyo, aiongeze. Kama miaka mitano baadaye, Linton huyo huyo alipiga marufuku vigeu vya namna hiyo ndani ya Interviews kwa sababu vilikuwa vimegeuka chanzo cha hitilafu.

Lugha ya Java nayo ikaenda mbali zaidi: humo `protected` inafungulia warithi pamoja na pakeji nzima (kundi la klasi zilizowekwa pamoja), yaani ni pana kuliko usipoandika neno lolote. Fungua nyaraka za `Vector`, klasi ya Java ya kuhifadhi orodha, uone vigeu vyake vya `protected`, `elementData` na `elementCount`, vimeanikwa hapo tangu toleo la kwanza. Kisha tazama `Stack` (rundo), iliyoirithi `Vector`. Rundo linatakiwa kuingizwa na kutolewa juu tu, lakini kwa kuwa limerithi kila kitu, unaweza kuita `insertElementAt` ukapachika kitu katikati. Laiti `Stack` ingekuwa na `Vector` ndani yake kama kigeu cha `private`, mlango huo usingekuwepo.

Sina ugomvi na methodi za `protected`. Klasi ikitaka mrithi ajaze hatua moja, hiyo ni njia safi, kwani masharti bado yanakaguliwa na klasi yenyewe. (Python hata haifungi: `__mwezi` inageuzwa `_Tarehe__mwezi`, na anayetaka kuingia ataingia. Huko wanategemea adabu.)

Ninayoikubali ni njia ya lugha ya Kotlin: klasi hairithiki mpaka uandike `open`. Inakera, hasa kwenye majaribio, lakini kuongeza `open` kesho hakumvunjii mtu msimbo, kuiondoa kunavunja. Java nayo tangu toleo la 17, mwaka 2021, ina `sealed`, ambapo unataja mwenyewe nani anaruhusiwa kurithi. Sioni watu wakiitumia inavyostahili.