Siku Kichwa cha Mashine Kilipogeuka Kibuye

Kwanza, sikulia. Ile sauti mnayoisikia kwenye video aliyonirekodi Welda nikiwa na mashine yangu sokoni Kibuye, Kisumu, kama ndama aliyeachwa na mamake, ni honi ya tuktuk. Pili, video yenyewe inaanzia katikati. Kazi niliyoifanya Nakuru haipo, na ile ilikuwa kazi safi.

Shida yangu mnaijua: kiwei, ule mfereji wa kwenye shafti na puli unaokaa kipande cha chuma kiitwacho ufunguo, ili vizunguke pamoja. Watu wa visiagi wananiletea shafti na puli zinazocheza, wanataka mfereji wa ufunguo uchongwe upya, nami nakaa na patasi na tupa hadi jioni. Nikipeleka mjini kwa wenye mashine, foleni. Ndipo nikaanza kutafuta mashine ya milingi (ile inayochonga chuma kwa kisu kinachozunguka) iliyotumika, ya kuingia kwenye karakana yangu. (Ndiyo, ilikuwa banda la kuku. Kuku walihamishwa kwa heshima.)

Zile kubwa za mtindo wa Bridgeport kila fundi anaziota. Lakini mashine inakaribia tani moja, mota ni ya fezi tatu, volti 415, na mimi nyumbani nina fezi moja ya 240 na sakafu niliyoimwaga mwenyewe saruji ilipokuwa inaelekea kuisha. Kuna kifaa cha kugeuza fezi moja iwe tatu, sawa, lakini hicho nacho kinataka pesa yake, na bado hujaongea na mlango. Kwa hivyo nikatafuta ile ndogo ya nguzo ya duara, ambayo kichwa chake, chenye mota na kisu, kinapanda na kushuka kwenye nguzo hiyo, kilo mia tatu hivi, mota ya fezi moja, unachomeka na kuanza.

Ikapatikana Nakuru, kwenye karakana iliyokuwa inafungwa. Tukaenda na Welda, aliyejiita mshauri wangu wa kiufundi. Ushauri wake wote alitumia kuchagua mahindi ya kuchoma.

Mimi nilikagua. Nikashika mpini wa meza, nikauzungusha mbele, kisha nikaurudisha nyuma polepole nione unatembea kiasi gani kabla meza haijaanza kusogea. Ulitembea kidogo tu. Nikaipeleka meza mwisho wa kushoto, mwisho wa kulia, nikisikiliza kwa mkono. Mashine iliyochoka huwa imelika katikati, pale inapofanya kazi kila siku, kwa hiyo ukiikaza katikati inakwama ukifika pembeni. Hii ilikwama kidogo upande mmoja, nami nikapunguziwa bei hapo hapo. Nikashika spindo, ule mhimili unaozungusha kisu, nikaitikisa, beringi kimya. Nikaingiza kidole ndani ya tundu la spindo kutafuta mikwaruzo, kikatoka na grisi nyeusi na tabasamu langu. Vaisi nzito, kibano cha kushikia kazi, ilikuwa imelala kando, nikaomba iwe nyongeza, maana wengi husahau kwamba vaisi, kolleti za kushikia visu na visu vyenyewe vya kukatia vinaweza kula pesa sawa na mashine yenyewe. Mzee mwenye mashine akakubali.

Bei sisemi. Mke wangu yuko humu.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo Welda anapopotosha umma. Nilimwambia mzee alegeze nati mbili za nyuma nione kichwa kinavyopanda. Akalegeza, akazungusha mpini, kichwa kikapanda. Nikakisukuma kwa kiganja, kikageuka. Nikamgeukia Welda nikamhutubia: "Unaona? Hizi za nguzo ya duara kasoro yake ni hii. Hakuna cha kukizuia kichwa. Ukikiinua katikati ya kazi, kituo chako kimepotea, tundu la pili halitalingana na la kwanza." Welda akaendelea na hindi lake.

Mzee akasema, "Haya kijana, kaza."

Nikakaza. Welda anasema nilikaza kwa vidole. Ukweli ni kwamba spana ilikuwa kwapani mwa mzee, mzee alikuwa anahesabu pesa, na mimi nimelelewa vizuri, simkatizi mtu mzima akihesabu pesa.

Basi. Dere wa pikapu akakifunga kichwa kwa kamba ya manila, mafundo ya kueleweka. Tukapanda Mau Summit, tukateremka Kericho na kona zake zote, majani chai kushoto na kulia, kichwa hakikutikisika hata kidogo. Mimi nilikuwa nyuma kwenye pikapu nikilinda mzigo. Welda alikuwa mbele, eti kifua chake hakipatani na baridi.

Ahero dere akasimama kununua mchele. Magunia yakawa marefu kuliko alivyodhani. "Boss, hii kamba nitaikopa kidogo."

Nani angekataa? Kutoka Ahero barabara imenyooka kwenye tambarare la Kano, kona hakuna. Kichwa kilitulia. Nilifika Nyamasaria nikiwa nimekiegemea, nimefumba macho, napanga kiwei ya nani nitaanza nayo.

Kumbe mchele ulikuwa wa shangazi yake dere. Shangazi anauza Kibuye. Na siku ilikuwa Jumapili.

Wasiojua Kibuye siku ya Jumapili: soko linamwagika hadi barabarani. Mitumba imetundikwa kwenye kamba zilizofungwa mti hadi mti, gari linapita likijipenyeza. Dere akakata kona polepole, muziki wa ohangla umejaa ndani ya gari. Polepole vilevile, nyuma yangu, nikasikia chuma kikisema *kriii*.

Kwanza kofia yangu ilitoka. Mota, ambayo iko nyuma ya kichwa, ilipita ikaichukua. Nikageuka nikaona upande wa spindo, ukiwa na ile mikono yake mitatu yenye vifundo vyeusi, unatoka nje ya pikapu bila haraka, kwa adabu kabisa. Nikaruka nikaukumbatia. Niwaambie kitu: kichwa kile na mota yake kinanizidi uzito. Sikukizuia. Kilinichukua. Miguu ikaburuta juu ya magunia ya mchele, kiatu kimoja kikabaki, nikajikuta tumbo liko ndani ya gari na kifua kiko nje, uso kwa uso na kamba ya mama mmoja.

Mkono wa kwanza wa mashine ukaishika kamba. Kamba ikavutika. Vibanio vikaanza kuruka, *pa, pa, pa*, blauzi, sketi, blauzi, taulo. Nilikuwa na muda wa kuviona vyote. Nilikuwa na muda hata wa kusoma lebo. Mwishoni mwa kamba, lilikohifadhiwa kwa mteja maalum, likaja gauni la harusi. Jeupe, lenye shanga. Likateleza taratibu, likakivaa kichwa cha mashine vizuri kuliko linavyoweza kuvaliwa na mtu, kisha shela yake ikapanda juu yangu.

Kukawa kimya kama sekunde moja. Halafu mwanamke mmoja upande wa viazi akapiga kigelegele.

Basi soko zima likaitikia. Vigelegele, sufuria, mtu akapuliza filimbi. Dere akadhani wanamshangilia yeye, akapiga honi akaendelea kwenda! Mimi nimemkumbatia bibi harusi wa chuma, siwezi kumwachia kwa sababu atarudi na kunivunja mbavu. Mwenye gauni anakimbia kando ya gari akinigonga kwa hanga: "Kijana! Hilo ni elfu tatu! Elfu tatu, na shela ni kando!" Nikamjibu kutoka ndani ya shela, "Mama, pole, nisaidie kusukuma." Welda alikuwa ametoa nusu ya mwili dirishani. Kusaidia? Simu, wadau. Alikuwa ameshika simu.

Yaliyofuata ni mafupi. Gari lilisimama, vijana wakarudisha kichwa, spana ikaazimwa kwa fundi baiskeli, nikalipia gauni, shela na blauzi moja iliyopata grisi. Mashine ikashushwa kwa chenibloku, ikawashwa, ikaunguruma, stima ikapotea. Iliporudi nilichonga kiwei ya kwanza, na imekaa sawasawa, aulizwe mwenye kisiagi.

Jana mama mkwe akapiga simu kutoka Siaya. Ameonyeshwa video kanisani. Hakusalimia. Aliuliza tu kwamba huyo mwingine ni wa wapi, na mbona hana miguu.